Gari Chini ya Mabua

Tangu nilipoacha kazi mwezi uliopita, vijana watatu wa gereji wamepanda huku mlimani kunisalimu. Wameleta sukari, wameleta majani ya chai, wamekaa kwa adabu na kuuliza habari za mgongo wangu. Kisha wote watatu, kila mmoja kwa siku yake, wameniuliza habari za Lomayani. Alikuwa akiyapataje yale magari? Ni kweli alikuwa akiyanusa? Nimewajibu kwamba Lomayani alikuwa na pua kama mtu mwingine yeyote. Lakini kila walipoondoka nilibaki na donge moyoni, nikaona afadhali niandike mwenyewe mambo yalivyokuwa, tangu mwanzo.

Niliingia kazini vita vilipokwisha. Jeshini nilikuwa fundi wa malori, na nilirudi Arusha nikijiona najua kila kitu chenye magurudumu. Nilichukuliwa na Sardar Gurdit, Kalasinga aliyekuwa na gereji karibu na mto Themi. Riziki yake ilitokana na kutengeneza malori ya mashamba, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari yaliyokufa. Walowezi wa kila namna, Wajerumani, Wagiriki, Makaburu na Waingereza, walikuwa wamekuja na magari yao miaka ya nyuma. Barabara zetu ziliyavunja, nao wakayasukuma nyuma ya ghala na kununua mengine. Sasa walikuwapo wazungu wa Nairobi waliotaka magari yale ya zamani, tena wakiyataka kama yalivyo, na kutu yake, na vumbi lake, na viti vilivyoliwa na panya. Kazi yetu ilikuwa kuyatafuta, kuwashawishi wenyewe wauze, na kuyaleta mjini bila kuyaharibu.

Siku yangu ya kwanza Sardar aliniacha na gari la Kimarekani lililotoka Nduruma, akasema, “Lishughulikie,” akaenda benki. Nilitaka kuonyesha bidii. Nilichukua brashi, mchanga na mafuta ya taa, nikalisugua tangu asubuhi. Kufika adhuhuri lilikuwa linang'aa kama sufuria ya harusi.

Sardar aliporudi hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi kuukuu akaliangalia.

“Anaeli, umeliosha?”

“Ndiyo, bwana.”

“Na ile rangi yake ya kwanza?”

“Ilikuwa imechakaa, bwana. Nimeitoa yote.”

Alishusha pumzi. “Rangi mpya naweza kununua dukani kwa Mhindi yeyote. Ile ya kwanza utanunua wapi?”

Hakunifukuza. Kesho yake alinikalisha mbele ya gari jingine, akanikataza kuligusa mpaka jioni. Nilichotakiwa ni kuangalia tu. Saa za mwanzo niliona upumbavu mtupu. Alasiri nikaanza kuona: misumari ya mlango mmoja haikufanana na ya mlango wa pili, taa ya kushoto ilitoka kwenye gari jingine, na ubao wa kukanyagia ulikuwa umelika zaidi upande wa abiria kuliko wa dereva. Maana yake lilikuwa gari la mtu aliyeendeshwa. Jioni nilipomwambia Sardar hayo yote, alicheka na kunipa chapati yake.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze, unaipitisha kwenye bodi, na pasiposhika ujue bati limeoza na mtu amejaza viraka. Kisu kidogo cha kuchoma mbao za ndani, kujua kama zimeoza. Kioo cha kunyolea kilichofungwa kwenye fimbo, cha kuchungulia chini pasipofikika. Chupa ya mafuta mepesi. Injini iliyolala miaka mingi usiizungushe kwa nguvu. Toa plagi, mimina mafuta, iache siku mbili, halafu shika hendeli na uizungushe taratibu kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani. Na kabla hujaondoka pita nyumba za jirani, kwa sababu gari likifa huwa linatawanyika. Kizibo cha rejeta nimekikuta kwa mwalimu kikiwa kidau cha wino, boneti limefunika banda la kuku, na springi zimeshafuliwa na wahunzi kuwa mapanga, hizo usipoteze muda kuzitafuta.

Nilikuwa na daftari. Niliandika kila shamba kuanzia Kisongo mpaka Usa, jina la mwenyewe, gari aliloonekana nalo, na mara ngapi nimemwendea. Sardar alipenda daftari lile. Kwa miaka miwili nilikuwa mtafutaji wake wa pekee, na nasema wazi kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ndipo akaja Lomayani.

Alikuwa Mwarusha wa upande wa Kisongo, aliyekulia kwenye shamba la Kaburu akichunga ng'ombe na kuendesha trekta. Alikuwa rika langu, mrefu, mpole, wa maneno machache. Hakuwa na daftari. Nilimwona mara nyingi akifika kwenye boma la mtu na kuanza habari za ng'ombe: huyu amezaa lini, yule mbona anachechemea. Akikaribishwa maziwa atakunywa, akiondoka hajataja gari hata mara moja. Mimi nilidhani mtu huyu hataweza kazi.

Kulikuwa na Mgiriki mmoja Nduruma. Daftari langu lilionyesha kwamba nimemwendea mara nne, na mara zote nne alisema hana gari la zamani. Lomayani alikwenda mara moja, akamkuta anahangaika na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akavua shati akamsaidia. Alirudi mjini na magari mawili. Mawili! Tena akaleta honi ya mojawapo, iliyokuwa ikitumiwa na wachungaji kuita mifugo.

Siku hiyo Sardar alitoa kisu chake mwenyewe mfukoni, kile cha mpini wa pembe alichotoka nacho kwao Punjabi, akampa Lomayani mbele ya mafundi wote. Mimi nilikuwa nimekiazima kisu kile mara nyingi. Kila mara nilikirudisha.

Sitaki kuwadanganya kuhusu jambo hili. Nilimwonea gere mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia adui yeyote vitani. Nilihesabu magari yake na yangu. Lori alilokwenda nalo Ngare Nanyuki lilipovunjika ekseli, akakaa njiani siku tatu, Jumapili niliimba kanisani kwa sauti mpaka mke wangu akanigeukia. Lililoniumiza zaidi ni kwamba yeye hakuwa akishindana nami. Akipata gari, alinijia na kuniuliza, “Anaeli, wewe unalionaje?” Nami nilimtafutia kasoro.

Tukaenda hivyo miaka kadhaa, mpaka Jumapili moja nilipomwona hapa hapa mlimani. Nilikuwa natoka ibadani. Yeye alikuwa anashuka kutoka kwa Mzee Yonathani, mashamba matatu juu ya shamba la mama yangu. Mikono yake ilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko.

“Umepotea?” nikamuuliza.

“Hapana. Nilikuja kumsalimu mzee.”

“Unamjuaje?”

“Tulikutana mnadani, kwenye ng'ombe,” akasema, akanipita akitabasamu.

Mzee Yonathani alikuwa mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyeshika jeneza la baba yangu upande wa kichwa. Zamani alikuwa nyapara wa shamba la kahawa la Mjerumani mmoja, Bwana Helmuti, ambaye vita vilipoanza Waingereza walimkamata na kumfungia kambini, baadaye wakampeleka kwao pamoja na mkewe na mtoto wao wa kike. Hayo yote niliyajua tangu ujana. Sikuwahi kumwandika Mzee Yonathani kwenye daftari langu. Nani angeandika jina la mzee wa migomba miongoni mwa walowezi wenye magari?

Kesho yake niliomba ruhusa, nikapanda kwake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, Anaeli. Mama hajambo?”

Sikuwa na ujanja wa ng'ombe. Nilimwambia kwamba nimemwona Lomayani na mafuta mikononi, na kwamba mimi ndiye mtoto wa nyumbani. Mzee akanyanyuka na kunipeleka nyuma, kwenye kibanda alichohifadhi mabua ya mahindi ya kulisha ng'ombe. Akaanza kuyaondoa. Nilimsaidia.

Lilikuwa gari la wazi, la Kijerumani, la viti vinne, limesimamishwa juu ya magogo ili matairi yasioze. Rangi yake ya kijani iliyoiva ilikuwa ya kiwandani. Taa zote mbili zilikuwapo. Nilipitisha sumaku kila mahali, na kila mahali ilishika. Nilichungulia namba ya injini na namba ya chasisi, zote zilikubaliana na kibati cha namba kilichopigiliwa kiwandani. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kofia ndogo ya majani, ya mtoto. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona gari ambalo halikuguswa namna ile, na lilikuwa mahali ambapo jogoo akiwika namsikia nikiwa kitandani kwangu.

“Askari walikuja kuchukua mali za Wajerumani,” Mzee akasema. “Nililivuta huku kwa ng'ombe, nikalifunika. Bwana Helmuti alikuwa ameniambia, nitunzie mpaka nirudi. Akaniandikia karatasi kwamba ameniachia, nisije nikasingiziwa wizi.”

“Na Lomayani?”

“Miaka mitatu sasa anakuja kila mwezi. Anatia mafuta, anazungusha injini kidogo. Nilimwambia haliuzwi. Akasema, basi lisife.”

Hapo ndipo nilipopaswa kuaga na kurudi nyumbani. Lomayani alikuwa amelijua gari lile miaka mitatu, na hakumwambia Sardar, na hakumwambia mtu. Angelileta mjini angesifiwa mpaka Nairobi. Nililiona jambo hilo kuwa jema, na wema wake ukanichoma kuliko kisu kile cha pembe.

Mzee akauliza, “Wewe huko mjini unakutana na wazungu. Hujasikia habari zozote za Bwana Helmuti?”

“Amekufa, baba,” nikasema. “Alifia kwao. Mzungu mmoja aliniambia.”

Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka tu, laini, kama yalikuwa yakisubiri mlangoni. Mzee alivua kofia yake. Alikaa juu ya gogo, akakaa sana. Nilisubiri kwa heshima kubwa, kisha nikamwambia kwamba gari lisilo na mwenyewe ni mzigo, kwamba serikali ikilikuta itamsumbua, na kwamba mimi nitahakikisha linakwenda kwa mtu atakayelitunza. Juma lile lile aliliuza.

Tulilishusha kwa ng'ombe wanane mpaka barabarani, kisha kwa lori. Sardar alilizunguka mara tatu. Halafu akanishika bega. “Anaeli,” akasema, “hata mimi sijawahi kupata kama hili.” Mafundi walipiga makofi. Nililisubiri neno lile miaka mingi, na nawaambieni lilikuwa tamu.

Lomayani alikuja mwisho. Aliweka kiganja juu ya boneti.

“Mzee amekubali?”

“Amekubali.”

“Na mwenyewe?”

“Mwenyewe alikufa.”

“Nani amesema?”

“Habari zipo,” nikamjibu.

Jumapili iliyofuata alipanda mlimani. Jumatatu aliniangalia mara moja tu, nikajua kwamba ameshasikia kwa Mzee nani aliyeleta habari hizo. Nilingoja aseme kwa Sardar. Hakusema. Miezi minane hakusema, na kila asubuhi aliniamkia kwa jina langu kama kawaida. Ningeweza kuvumilia ngumi. Kimya kile kilinikosesha hata hamu ya kula.

Kiangazi kilipoingia, msichana mmoja wa Kizungu alishuka kwenye teksi mbele ya gereji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, amebabuka kwa jua. Alizungumza Kiswahili, lakini kilikuwa Kiswahili cha mtoto, kwa maana alikiacha akiwa na miaka minane na hakikukua tena.

“Mimi ni Ilze,” akamwambia Sardar. “Hotelini wamesema motokaa ya baba yangu ilipita hapa. Sitaki kuichukua. Nataka kukaa ndani kidogo tu.”

Sardar aliinama. Ilibidi amwambie kwamba gari lilikwenda Nairobi, na kwamba mnunuzi, baada ya kuapa kwamba angeliacha lilivyo, alilipaka rangi nyekundu na kulibadilisha viti. Kofia ya majani? Hakuna aliyejua ilikokwenda. Msichana aliinamisha kichwa kwa adabu, akauliza kama Yonathani bado yu hai.

“Anaeli anatoka huko huko,” Sardar akasema. “Ndiye aliyeligundua. Atakupeleka. Lomayani, endesha.”

Njia nzima nilikaa nyuma nikiangalia shingo ya Lomayani.

Mzee alikuwa anapogoa kahawa. Alimwona msichana akiingia getini, mkasi ukamtoka mkononi.

“Ilisi?” akasema, akilitamka jina kama enzi zile za shambani.

“Shikamoo, baba,” msichana akasema.

Walishikana mikono muda mrefu. Mzee akaanza kumweleza, haraka haraka, kama mtu anayejitetea barazani. “Nililitunza, mwanangu. Askari hawakuliona. Ningelitunza mpaka leo. Lakini tulisikia baba yako amefariki, ndipo nikaliuza. Anaeli huyu aliniletea habari.”

Ilze alinigeukia. Nilijua kwamba sasa atasema baba yake yuko hai, na mwisho wangu umefika.

“Ndiyo, alikufa,” akasema. “Miaka minne imepita. Lakini mama alisema huku hakuna anayejua. Wewe ulijua kwa nani?”

Uongo wangu ulikuwa kweli! Mzee alishusha pumzi kubwa, na uso wake ukaanza kutulia. Nilichotakiwa kusema ni yale yale: mzungu mmoja aliniambia. Maneno matatu, na ningekuwa mtu mwema mpaka nazikwa.

Nikamwangalia Lomayani. Alikuwa amegeukia mibuni, anachunguza majani yake kama mnunuzi wa kahawa. Hakutaka kuniona. Alikuwa ananiachia nafasi nipite. Nikaona kwamba nikipita hapo nitakuwa nimepitishwa na yeye, na maisha yangu yote yaliyobaki nitakuwa nikitembea kwa hisani ya Lomayani. Hilo lilinishinda.

“Sikujua,” nikasema. “Baba, sikuambiwa na mtu. Nilisema tu ili uliuze.”

Kwa hiyo msije mkanisifu. Hata ukweli nilisema kwa wivu.

Mzee hakunitukana. Alimgeukia Lomayani. “Na wewe ulijua?”

“Nilihisi, baba, siku ile uliponieleza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ni mtoto wako,” Lomayani akasema. “Nilingoja aseme mwenyewe.”

Mke wa Mzee alileta chai. Ilze aliomba kuonyeshwa mahali gari liliposimama, nasi tukaenda kibandani sote. Palikuwa na magogo manne na doa la mafuta ardhini. Lomayani alimwonyesha kiti cha dereva kilikuwa wapi, na cha nyuma kilikuwa wapi, akipima hewani kwa kiganja cha mkono, naye msichana akachuchumaa katikati ya magogo, upande wa nyuma, akiwa amekumbatia magoti. Tulimwacha hapo. Hakuna aliyemharakisha.

Tulipokuwa tunaaga, Mzee aliniita pembeni.

“Jumapili utakuja ibadani?”

“Nitakuja, baba.”

“Ukae benchi langu. Itanichukua muda kukuzoea tena.”

Kisha akamshika Lomayani mkono, vidole kwa vidole, kama tunavyomsindikiza mgeni wa heshima huku kwetu, akatembea naye mpaka barabarani wakizungumza habari za ndama. Mimi, mtoto wa nyumbani, nilifuata nyuma yao. Niliona kwamba Lomayani anapunguza mwendo ili niwafikie, na hilo pia sikulipenda.